Alama kwa Kimo cha Mtoto

Modeste wa Kavimvira alikuwa mtoto wa mvuvi, na aliogopa maji. Usicheke. Baba yake, mzee Antoine, alimpandisha mtumbwini mara nyingi huku kamshika shingo, na kila mara kijana alirudi ufukweni amejitapikia mpaka magotini. Majirani wakamtania mzee kwamba huyu aliyemzaa ni mbuzi, ampeleke mlimani akale majani. Basi akapelekwa mlimani. Enzi hizo Wabelgiji walikuwa na bustani ya miche juu ya mji wa Uvira, pale mto Mulongwe unapochomoka kwenye mabonde. Waliiita pepinyeri. Mtoto wa mvuvi akaajiriwa kubeba maji ya kumwagilia, yaleyale aliyoyakimbia, na humo humo akajifunza miti: mikaratusi, misipresi, na ile ya kienyeji ambayo Wazungu hawakuwa na haja nayo. Akapanda ngazi hadi akawa moniteri wa misitu, msimamizi mdogo wa serikali, na kaptula yake ya kaki, na filimbi shingoni.

Uhuru ulipofika, agronomu wake, yule bwana shamba Mbelgiji, alipakia masanduku kwenye gari akavuka mpaka kwenda Usumbura. Hata miche hakuiaga. Funguo alimwekea Modeste juu ya debe. Wenzake wakamwambia, rudi nyumbani bwana, kazi ya Wazungu imekwisha na Wazungu wenyewe. Yeye akabaki. Si kwamba aliwapenda sana hao waliokwenda. Uvira imebanwa chini ya milima iliyosimama wima kama ukuta, na mvua kubwa ikikuta mgongo wa mlima hauna miti, udongo wote unashuka na kuingia jikoni kwa watu. Alishawahi kuona hivyo akiwa mdogo. Alisaidia kuwachimbua jirani zake.

Ndipo akaanzisha jambo lake, lile watu waliloliita Shule ya Mlimani. Jumapili baada ya misa, anayetaka apande. Lakini hakupokea mtoto peke yake, wala baba peke yake. Alitaka nyumba nzima, na bibi mwenye mkongojo pia, na aliye mgongoni. Kila nyumba ilipewa ukanda wake wa mlima wa kupanda na kutunza. Watoto waliokuwa wanasoma kwa masista walifundishwa pamoja na mama zao namna ya kuwasha moto kuni zikiwa zimelowa, kufyeka njia ya kuzuia moto kabla ya kiangazi, kusuka kibanda cha matawi kisichovuja, kutambua nyayo. Na aliwawekea sharti moja ambalo hakulilegeza kwa mtu: nyumba inaingia msituni pamoja, inatoka pamoja. Mkimpoteza mmoja, hamshuki mpaka aonekane.

Kwa sababu ya sharti hilo alibuni alama. Kila nyumba ilikuwa na yake, ikatwe kwa kisu kwenye gome la mti kila njia inapogawanyika, ili aliyebaki nyuma ajue wenzake wamepita wapi. Ya nyumba ya Modeste ilikuwa kama kiti kidogo kisicho na mgongo. Ya mama Pudentienne, mjane aliyetoka Bwegera kwenye mashamba ya mpunga, ilikuwa kama suke. Na alama haikukatwa usawa wa macho ya baba. Modeste alisema anayepotea ni mdogo, basi ikatwe kwa kimo cha mtoto mdogo kabisa anayetembea katika nyumba hiyo, na aikate mtoto mwenyewe akiweza kushika kisu. Ndiyo maana mtu mgeni angepita katikati ya alama nyingi asione hata moja. Walioijua Shule ya Mlimani walijua kuinamisha macho.

Palikuwa na alama moja zaidi, ya nyumba zote: mikato miwili inayopishana chini ya ile ya kwanza. Maana yake, njia imeishia hapa, rudi ulikotoka. Hapo hapakuwa na mchezo. Siku moja binti yake Apollinarie aliiona akaipita akifuata kipepeo. Baba yake alimrudisha mpaka bustanini akaanze upya, mvua inanyesha, mtoto analia, mama yake Léocadie amenuna. Léocadie alimwambia mume wake kwamba moyo wake ni gome tupu. Lakini Apollinarie hakuipita tena alama ile maisha yake yote.

Mwanafunzi aliyemfurahisha kuliko wote alikuwa Rénovat, kifungua mimba wa Pudentienne. Kijana mrefu, mpole, hana baba, na mkono wake wa kazi ulikuwa wa kushoto, kwa hiyo mikato yake yote ililala upande usiotarajiwa. Modeste alimtania kwamba miti yake itaota kwa kurudi nyuma. Moyoni alimhesabu kama wake. Alishaanza kumwachia funguo za pepinyeri.

Wapo pia waliomchukia Modeste, tusidanganyane. Msitu ukilindwa, kuni zinakuwa mbali. Alipuliza filimbi, akanyang'anya mashoka, akawaaibisha watu mbele ya wake zao. Libérat, fundi baiskeli wa Kavimvira, alikutwa akikata misipresi michanga, na shoka lake likalala pepinyeri hadi likaota kutu. Libérat hakulisahau shoka hilo. Alikuwa akipita na baiskeli ya mteja anasema kwa sauti ya kusikika kwamba Wabelgiji wameondoka lakini wametuachia mbwa wao.

Halafu mambo yakaanza kubadilika. Malori ya askari yalipita kwenda tambarare ya Ruzizi yamejaa, yakarudi na nafasi. Wavuvi waliacha kuimba wakivuta nyavu. Jumapili nyumba zilikuja, lakini vijana wakubwa hawakuja nazo, na ukiuliza, mama anaangalia chini na kusema kijana yuko kwa mjomba. Rénovat naye akawa yuko kwa mjomba. Pudentienne hakuwa na kaka.

Asubuhi moja Modeste alikuta mikaratusi michanga imekatwa, ile iliyonyooka vizuri, kila shina limekatwa mshazari, karibu na ardhi, safi, ili kisiki kichipue tena. Alichuchumaa pale akaviangalia visiki. Mwizi wa kuni hakati hivyo. Hivyo ndivyo alivyofundisha yeye. Na miti minyoofu ya unene ule haifai kupikia, inafaa mpini wa mkuki. Akapita kisiki baada ya kisiki, akafika kwenye vile ambavyo mshazari wake umelala kushoto. Akakaa chini kabisa. Alirudi nyumbani akala ugali wake kama kawaida, ila usiku mzima mke wake alimsikia akigeuka.

Mwezi wa tano, mwaka wa sitini na nne, waasi wakaingia mjini. Wenyewe walijiita Jeunesse, yaani Vijana, wamefunga majani kichwani, wamenyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zigeuke. Askari walikimbia. Waliotafutwa kwanza walikuwa watu wa serikali, hata wa ngazi ya chini, karani, polisi, mtu yeyote mwenye kaki. Hawakuulizwa maneno mengi, na nyumba zao zilikwenda pamoja nao.

Modeste alikuwa amejiandaa. Nyumba chache za Shule ya Mlimani zilikubaliana kupanda hadi kibanda kikubwa walichokijenga wenyewe mbali kwenye msitu wa kienyeji, ng'ambo ya mgongo wa kwanza. Alfajiri wakajikusanya nyuma ya pepinyeri: Léocadie na Apollinarie na mdogo wake, Pudentienne na watoto wake wadogo, na wengine. Modeste akawaagiza jambo ambalo halijapata kutoka kinywani mwake: leo asikate mtu alama. Wapite kama upepo. Kisha Pudentienne akaweka mzigo chini akasema yeye hapandi. Kijana wake yuko mjini, na sharti ni la nani kama si la moniteri mwenyewe? Nyumba inaingia pamoja.

Hapo ndipo Modeste alipoahidi. Angeweza kumkatalia, angeweza kumsukuma. Lakini sharti lilikuwa lake, naye alimpenda kijana yule. Akamwambia Pudentienne apande na watoto, kwamba yeye atashuka kumtafuta Rénovat na kumleta. Léocadie alimshika mkono wa shati.

“Baba Apollinarie,” akasema, “weye ndiye wanakutafuta.”

“Nitarudi mbele ya jua kupanda,” akajibu, akavua kaptula ya kaki, akavaa suruali kuukuu ya kuvulia samaki ya marehemu baba yake.

Alimpata Rénovat upesi kuliko alivyotaka. Kijana alikuwa amesimama karibu na soko, majani kichwani, mkuki mkononi, na mpini wa mkuki ule Modeste aliufahamu kama mtu anavyomfahamu kuku wake. Walitazamana. Rénovat hakusalimu, wala hakupiga kelele. Alitikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayemwambia mwenzake asikaribie moto. Lakini nyuma yake Libérat, naye majani kichwani, alikuwa ameketi juu ya kiti cha mkuu wa posta, na Libérat hakuhitaji kaki kumtambua mtu aliyechukua shoka lake.

Modeste akakimbia kwa uchochoro, akapita migombani, akapanda. Nyuma yake alisikia Libérat akifoka. Maneno hayakumfikia yote, ila alisikia jina la Rénovat, na alijua bila kuambiwa: weye ulifundishwa naye, weye utatuonyesha.

Alipanda mpaka pepinyeri ikawa chini yake, mpaka njia ikaingia kwenye misipresi. Penye mgawanyiko wa kwanza alisimama kuvuta pumzi. Kushoto ndiyo njia ya kibanda. Kulia inazunguka ubavu wa mlima na kushuka taratibu kuelekea tambarare, hakuna kitu huko. Aliangalia magome kwa kimo chake, hamna kitu, akamshukuru Mungu. Akainama kuondoa mwiba.

Kiti kidogo kisicho na mgongo kilikuwa kinamtazama usoni, kimechanwa juu juu kwenye gome la mti wa kushoto, utomvu wake bado unang'aa.

Maskini mtoto. Mama yake alikuwa amemwambia asikate, bila shaka alimwambia zaidi ya mara moja. Lakini baba yuko nyuma. Aliye nyuma hukatiwa alama, hivyo ndivyo Apollinarie alivyofundishwa tangu alipoanza kutembea, na aliwahi kurudishwa kwenye mvua kwa kuikosea alama. Alikuwa amejibanza nyuma ya mama yake, akachomoa kakisu kake, akamfanyia baba yake wema. Watu wazima hawakuona, kwa kuwa waliokuwa wanakimbia hawakuinamisha macho. Rénovat angeinamisha. Huko juu kulikuwa na Léocadie na watoto, kulikuwa na nyumba zote zile zimekaa kimya zikimngoja.

Modeste alilia, lakini mikono haikungoja kilio. Alichukua tope na kuvu ya miti akaisugulia alama ile mpaka ikafanana na gome zee. Halafu akahamia njia ya kulia, akapiga magoti, akakata kiti kidogo kwa kimo cha Apollinarie. Akakimbia hadi njia ilipogawanyika tena, akakata kingine. Na kingine. Alikata haraka, na kwa nguvu za mtu mzima. Alipoanza kusikia matawi yakivunjika nyuma yake, alitupa kisu chake bondeni na kusubiri katikati ya njia, maana mtu akishakamatwa hatafutwi tena, na akikimbia watatawanyika mlima mzima kumsaka.

Walimfunga mikono kwa mpira wa baiskeli. Libérat alitaka kummaliza palepale, kisha akafikiria akaona tamu zaidi ni kuipata nyumba nzima. Akamwuliza Modeste wamekwenda wapi. Modeste akasema hajui. Akapigwa. Wakamrudisha mpaka penye mgawanyiko wa kwanza, na Libérat akamgeukia Rénovat, aangalie.

Rénovat akainama kwenye mti. Aliingiza kidole ndani ya mkato, na kidole kikazama. Mtoto wa umri ule huchana gome, hafiki ndani ya mti. Modeste alikitazama kidole kile akajua kwamba kijana amekwisha kusoma kila kitu, nani amekata, kwa nini, na njia ya kweli ni ipi. Alikuwa amemfundisha vizuri mno. Akataka kumwambia, mama yako yuko huko, na wadogo zako, lakini masikio ya Libérat yalikuwa pale.

“Iko alama ya nani?” Libérat akauliza.

Rénovat akachomoa kidole. Alifuta utomvu kwenye paja lake.

“Iko ya mutoto wake,” akasema. “Walipita huku.”

Wakaenda kulia. Modeste aliwekwa mbele, mikono nyuma, na hakuthubutu kugeuka. Walipita alama ya pili, walipita ya tatu. Baada ya hiyo hapakuwa na nyingine, kwa sababu hapo ndipo alipotupa kisu. Njia ilianza kushuka, tambarare ya Ruzizi ikafunguka chini yao na moshi unapanda sehemu ambazo si za kupikia. Libérat si mjinga. Alisimama akasema mbona alama zimekwisha. Akamgusa Rénovat kifuani kwa ncha ya mkuki, akamwuliza kama anacheza naye.

Rénovat akasema, kwa sauti ya uchovu, kwamba watu hawa wakikaribia maji huacha kukata mpaka wavuke. Atatangulia aangalie. Akatangulia, akapotea kwenye kona yenye mti mkubwa. Walingoja. Modeste alisikiliza kama kijana anakimbia, na moyoni alimwombea akimbie. Badala yake aliwaita.

Walipofika aliwaonyesha. Kiti kidogo kisicho na mgongo, chini sana, kimechanwa juu juu, kwa mkono mwepesi kama wa mtoto. Alikuwa amepiga magoti, udongo bado ulikuwa kwenye magoti yake. Lakini mikato ililala kushoto. Na chini ya kiti kulikuwa na mikato miwili inayopishana.

“Na hii?” Libérat akauliza.

“Maji iko karibu,” Rénovat akamjibu.

Modeste aliitazama alama ile, akamtazama kijana, na kijana naye, kwa mara ya kwanza siku ile, akamtazama kama zamani. Watu wawili tu kati ya wote waliosimama pale walijua kwamba njia imefungwa nyuma yao, na imefungwa kwa ajili ya wale watakaokuja kuwatafuta. Modeste alishika mbele tena. Wakashuka pamoja kwenda tambarare, ambako hakuna maji, hakuna kibanda, na ambako Libérat angekuja kulijua hilo kabla ya jua kutua.

Nyumba zile zilikaa msituni muda mrefu. Walikula mizizi, walizika mtoto mchanga wa jirani, walisikia bunduki za askari zikirudi na bado hawakushuka, maana sharti ni sharti, na wawili hawajaonekana. Mwishowe Léocadie alisema basi. Watu wengine wakashuka mjini. Yeye na Pudentienne na Apollinarie wakaenda kuwatafuta waliopotea.

Ni Apollinarie aliyeziona. Penye misipresi, upande wa kulia, kiti cha nyumba yao, na yeye hakukata pale. Alimwambia mama yake kwamba baba alipita huku. Wakazifuata alama, miti ikiwa imeanza kuziziba kwa magome mapya, wakashuka hadi kwenye kona yenye mti mkubwa. Mtoto alikuwa amerefuka huko msituni, ilibidi ainame kuiona. Pudentienne akainama naye. Alipitisha vidole kwenye mikato, akavirudisha, akavipitisha tena, kisha akaketi njiani.

“Hii ni mukono ya Rénovat,” akasema. “Walikuwa pamoja.”

Léocadie alikuwa amekwisha wapita wote wawili. Aliona tambarare mbele, akaona njia inaendelea, akasema hawawezi kuwa mbali, twende tu, hata mifupa nitaitambua. Apollinarie akamshika kitenge kwa mikono miwili. Alikuwa analia kama siku ile ya mvua, lakini hakukiachia.

“Hapana, mama. Baba anasema turudi.”

Léocadie akainama, akaona mikato miwili inayopishana chini ya kiti. Halafu wakageuka, mtoto mbele, mama zake wawili nyuma, wakapanda kurudi walikotoka.